Povu Lililovunja Bawa

Mkono wa mwanadamu ni shahidi mwema, lakini ni shahidi wa mambo ya polepole. Mtu akitaka kujua kama embe limeiva hulibonyeza; akitaka kujua kama kamba ni nzima huivuta, na kama ubao una nguvu huukanyaga kwanza kwa mguu mmoja kabla ya kuuamini kwa miguu miwili. Kwa majaribio madogo kama hayo watu wamejenga nyumba, wameunda majahazi na kuvuka mito tangu zamani za kale, na ni mara chache mkono umewadanganya. Lakini liko jambo moja ambalo mkono haujui lolote juu yake, nalo ni pigo la mwendo wa kasi. Kisa tunachomletea msomaji leo ni cha watu saba waliopotea kwa sababu wenye amri juu ya safari yao waliusadiki mkono mahali ambapo mkono hauna ushahidi wa kutoa.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kiliruka kutoka pwani ya Florida. Ndani yake walikuwamo Rick Husband aliyekuwa nahodha, William McCool rubani wake, Michael Anderson, David Brown, Laurel Clark, Kalpana Chawla aliyezaliwa India katika mji wa Karnal, na Ilan Ramon, mtu wa kwanza wa Israel kwenda katika anga za juu. Safari yao ilikuwa ya uchunguzi wa sayansi, nao walipangiwa kufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, kwa muda wa siku kumi na sita.

Columbia kilikuwa na mabawa kama ndege, nacho kilipandishwa juu kikiwa kimefungwa ubavuni mwa tangi kubwa mno. Ndani ya tangi hilo zilitiwa haidrojeni na oksijeni zilizopozwa hata zikawa maji. Na haidrojeni haikubali kubaki maji mpaka ubaridi ufike kiasi cha digrii 253 chini ya sifuri. Ili joto la Florida lisiichemshe, na ili barafu isijikusanye nje ya tangi, tangi zima lilivikwa povu kavu la rangi ya machungwa, la jamii moja na lile linalotiwa ndani ya kuta za majokofu. Msomaji aliyewahi kuona jokofu bovu likivunjwavunjwa analijua povu hilo. Kipande chake ukikibonyeza kwa kidole huacha shimo. Ukikitupa juu, upepo hukichukua. Mtoto akikipata hukifanya mashua ya kuchezea.

Sekunde 82 baada ya kuruka, chombo kikiwa kimefika kimo cha kilomita 20 hivi, kipande cha povu kilibanduka mahali ambapo tangi lilishikana na pua ya Columbia, kikapiga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Hakuna hata mmoja ndani ya chombo aliyesikia kitu. Kamera zilizokuwa chini zilikiona, na siku ya pili wataalamu walipoitazama filamu waliona kipande kikianguka, kisha kikageuka wingu la vumbi jeupe chini ya bawa. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba kipande kile kilikuwa na ujazo wa lita 20 hivi, yaani ndoo moja ya maji, na uzito wake haukufika hata kilo moja: ulikuwa kiasi cha gramu 760.

Ukingo wa bawa ulifunikwa na mabamba 22 ya kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Hayo yalikuwa ngao ya chombo wakati wa kurudi duniani, maana hapo hewa husuguana na kubanwa mbele ya bawa hata joto lake likapita digrii 1,600. Mabamba hayo ni magumu, na mtu akiyagonga kwa kifundo cha kidole hutoa mlio kama wa chungu kilichochomwa vizuri. Basi pima mwenyewe, ndugu msomaji: upande mmoja, ngao iliyoundwa kupambana na moto, upande wa pili, povu la jokofu. Ukiulizwa ni kipi kitakachovunjika, utajibu nini?

Wakubwa wengi wa Shirika la Anga la Marekani, linaloitwa NASA, walijibu hivyo hivyo. Povu lilikuwa limekwisha kubanduka katika safari nyingi za nyuma, na vyombo vilikuwa vimerudi salama vikiwa na mikwaruzo ya kurekebishwa tu. Katika mwezi wa Oktoba 2002 kipande kilichotoka mahali pale pale pa tangi kilikuwa kimeanguka katika safari ya chombo kingine, Atlantis. Jambo linalotokea mara nyingi bila madhara huacha kuitwa hatari na huanza kuitwa desturi. Povu likawa kazi ya mafundi wa matengenezo, si shauri la uhai wa watu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa liko swali ambalo mtu mwenye akili hawezi kuacha kuuliza. Chombo na povu lake vilikuwa vikisafiri pamoja, kwa mwendo mmoja. Iwapo povu lilibanduka kutoka mbele na kuanguka nyuma umbali wa mita chache tu, lilipata wapi kasi ya kudhuru?

Jibu lake ni la ajabu, nalo ndilo kiini cha habari yote. Mtu anayesafiri juu ya lori akiachia jiwe mkononi, jiwe huendelea mbele pamoja na lori kwa kitambo kabla ya kufika chini. Akiachia karatasi, karatasi husimamishwa na hewa papo hapo, na gari linalofuata nyuma huikuta imening'inia kama kwamba ilikuwa ikilingoja. Povu lilikuwa karatasi. Wakati lilipobanduka lilikuwa likienda pamoja na chombo kwa mwendo wa kilomita 2,500 hivi kwa saa. Katika muda usiofika hata sehemu mbili za kumi za sekunde moja hewa ililizuia likapunguza mwendo hadi kilomita 1,650 kwa saa, lakini chombo hakikupunguza. Kwa hiyo si povu lililolipiga bawa. Ni bawa lililolivamia povu, kwa tofauti ya mwendo wa zaidi ya kilomita 850 kwa saa. Lau kingekuwa kipande cha chuma, kisingalicheleweshwa hivyo na hewa, na kingegusa bawa kwa mwendo mdogo zaidi. Wepesi ule ule uliowapa watu faraja ndio uliolipa povu kasi yake.

Na kasi katika mambo ya mapigo haihesabiwi kama uzito. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu ya kazi iliyomo katika pigo huongezeka mara mbili. Lakini ukiongeza kasi mara mbili, huongezeka mara nne, na ukiiongeza mara kumi, huongezeka mara mia. Tukifanya hesabu ya gramu 760 zinazokwenda kwa mwendo wa mita 237 kwa sekunde, tunapata nguvu sawa na ya gunia la mahindi la kilo 100 linaloangushwa kutoka juu ya mnazi wa mita 21 na zaidi. Hakuna mtu ambaye angesimama chini ya mnazi huo akisema kwamba ni mahindi tu.

Wahandisi wa vyeo vya chini hawakutulia. Walitaka mitambo ya kijeshi ya Marekani iombwe kupiga picha za bawa huko huko angani, ijulikane kama lina tundu. Ombi hilo lilitolewa kwa njia tatu mbalimbali, na mara zote tatu halikufika mwisho wake. Lilizuiwa, au lilifutwa, au lilipotea katika utaratibu wa vyeo. Walioulizwa waliwauliza nao wahandisi: mna ushahidi gani kwamba kuna hatari? Nao wahandisi walikuwa wakiomba picha hasa kwa sababu hawakuwa na ushahidi. Mtu akidaiwa alete maji ndipo aruhusiwe kuchimba kisima, atafanyaje?

Badala ya picha ilitumika hesabu. Palikuwa na kanuni ya kukadiria kina cha shimo ambalo kitu kidogo huchimba katika vigae vya chombo kikivipiga. Kanuni hiyo ilikuwa imejengwa juu ya majaribio ya kweli, lakini majaribio hayo yalitumia vipande vya povu visivyozidi ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa. Sasa ikatakiwa iseme habari za kipande cha ujazo wa ndoo, kikubwa zaidi ya mara mia nne. Wala kanuni haikukataa, kwa kuwa kanuni haina haya. Ukiiuliza lolote itakujibu. Ilitoa jibu la kutisha kuhusu vigae, na jibu hilo likapuuzwa kwa kuwa kanuni ilijulikana kwa kuzidisha. Na kuhusu mabamba ya kaboni yaliyoko ukingoni, makadirio yalitegemea mapigo ya vipande vya barafu, halafu ikadhaniwa kwamba povu, kwa kuwa ni jepesi kuliko barafu, lisingeweza kudhuru.

Tarehe 23 Januari nahodha Husband na rubani McCool walipelekewa barua kwa mtambo huko huko angani. Iliwaeleza kwamba povu liligonga bawa, ikawahakikishia kwamba jambo hilo halikuwa na wasiwasi wowote kwa safari ya kurudi. Siku ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2003, dakika 16 kabla ya wakati wa kutua, hewa ya moto iliyokuwa ikipenya katika bawa la kushoto ilikuwa imekwisha kuyeyusha mifupa yake ndani. Columbia kilivunjika juu ya Texas, na vipande vyake vikatapakaa katika mashamba na misitu. Hakupona mtu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba elimu ya mapigo ya kasi ilikuwa changa, na kwamba hawa walikuwa watu waliokutwa na jambo jipya. La hasha. Elimu hiyo ilikuwa imetimiza miaka 131.

Katika mwaka 1872 mhandisi kijana wa Manchester, Bwana John Hopkinson, alining'iniza waya mrefu wa chuma, akaufunga juu na kutia kizuio chini. Kisha akawa akiachia uzito wenye tundu katikati uteremke kwa kuufuata waya mpaka ukipige kizuio. Alitaka kujua uzito gani na kimo gani vingeukata waya. Aliyoyaona yalipingana na mawazo ya kila mtu wa soko la vyuma. Kilichoamua kukatika kwa waya hakikuwa hasa ukubwa wa uzito, bali kimo ulikoanguka, yaani kasi yake. Uzito mdogo ulioangushwa kutoka kimo cha kutosha uliukata waya karibu sawasawa na uzito mkubwa. Tena waya haukukatika chini kila mara, mahali ulipopigwa. Mara nyingine ulikatika juu kabisa, mahali ulipofungwa, ambapo hapakuguswa na kitu.

Hopkinson alielewa sababu yake. Pigo likigonga ncha moja ya chuma, ncha ya pili haina habari. Habari ya pigo husafiri ndani ya chuma kama wimbi, kwa mwendo wa kilomita 5 hivi kwa sekunde, na mpaka wimbi lifike, sehemu ya mbele imetulia kama mtu aliyelala. Mahali wimbi linapopita ndipo peke yake panapobeba mzigo wote. Nalo likifika kwenye ncha iliyofungwa hurudi nyuma, na wimbi la kwenda likijumlishwa na wimbi la kurudi, mzigo huwa karibu maradufu. Ndiyo maana waya ulikatika kule juu. Katika mzigo wa polepole chuma hushirikiana: kila sehemu husaidia nyingine. Katika pigo la ghafla kila sehemu hufa peke yake.

Mwanawe, Profesa Bertram Hopkinson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliichukua kazi hiyo akaifikisha mbali. Katika mwaka 1914 alitangaza namna ya kupima pigo la risasi na la baruti kali, vitu ambavyo hakuna chombo cha wakati huo kilichoweza kuvifuata kwa upesi wake. Alitundika fimbo ndefu ya chuma cha pua kwa nyuzi, ikalala sawa hewani. Katika ncha moja alipiga risasi. Katika ncha ya pili aligandisha kwa sumaku kipande kifupi cha chuma hicho hicho. Wimbi la pigo lilisafiri katika fimbo, likaingia katika kile kipande, likageuka kwenye uso wake wa mwisho, na liliporudi kwenye kiungo kipande kikabanduka na kuruka, kimebeba ndani yake sehemu ya pigo iliyokuwa imo wakati ule. Kiliangukia katika sanduku lililoning'inizwa, na kwa kupima sanduku lilivyobembea Profesa alijua kiasi cha pigo kilichonaswa. Akibadilisha urefu wa kipande, ananasa sehemu ndefu au fupi zaidi ya wimbi. Na kipande kikiwa kirefu vya kutosha kunasa wimbi zima, jambo la kupendeza hutokea: kipande huruka, na fimbo iliyopigwa risasi hubaki imetulia mahali pake kama kwamba haikuguswa.

Aliona pia kwamba risasi laini ikipiga chuma kwa kasi kubwa haifanyi kama kitu kigumu. Humwagika juu ya chuma kama maji ya mpira wa bustani yanavyopiga ukuta. Kwa kasi ya kutosha, ugumu au ulaini wa kitu kinachopiga hauna tena neno kubwa la kusema. Msomaji na aweke jambo hilo akilini, maana ni la mwaka 1914, na povu la Columbia lilikuwa bado halijazaliwa kwa miaka themanini na zaidi.

Baba na mwana hawa wote walifariki kwa ajali: John akipanda milima ya Alps pamoja na watoto wake watatu katika mwaka 1898, na Bertram akirusha ndege mwenyewe katika mwaka 1918, karibu na mwisho wa vita. Lakini fimbo yao haikufa. Katika mwaka 1949 Bwana Herbert Kolsky aliikata fimbo ile ikawa mbili, akaweka katikati ya ncha zake kidonge chembamba cha kitu anachotaka kukijua: shaba, risasi, mpira, au plastiki. Pigo hupitia fimbo ya kwanza. Sehemu yake hurudi, sehemu huvuka kidonge na kuingia fimbo ya pili. Kwa kulinganisha lililokuja, lililorudi na lililovuka, hujulikana kidonge kilibanwa kwa nguvu gani na kilijikunyata kiasi gani, ingawa jaribio zima limekwisha kabla jicho halijapepesa hata sehemu moja ya mia. Siku hizi nyuzi nyembamba za madini hugandishwa kwa gundi juu ya fimbo. Wimbi likipita nyuzi hunyooshwa au hubanwa, umeme unaopita ndani yake hubadilika, na mtambo huandika kila kitu. Mtambo wa namna hii umo katika maabara nyingi za uhandisi ulimwenguni, na bado unaitwa kwa jina la Hopkinson.

Matokeo yake yamejaa vitabu, lakini shina lake ni moja: hakuna kitu chenye nguvu moja tu. Chuma laini kinachopigwa kwa kasi huweza kustahimili mzigo mkubwa sana kuliko kinapobanwa polepole, kwa kuwa hakikupewa wakati wa kujipinda. Vitu vingine hupoteza unyumbufu wao na kupasuka kama kioo. Wala tusidhani kwamba haya ni maajabu ya maabara peke yake. Mwanamke anayechuja wanga wa muhogo anajua kwamba wanga mzito uliochanganyika na maji kidogo hutiririka polepole kati ya vidole, lakini ukiupiga kofi husimama imara kama udongo mkavu. Fundi seremala anajua kwamba hawezi kuusukuma msumari kwa kuuegemea, hata awe na kilo mia, ilhali nyundo ya nusu kilo huuzamisha. Nazi haibonyezwi ikapasuka. Hupigwa mgongo wa panga, pigo moja kavu. Na vijana wanaojitupa baharini kutoka gatini wanajua maji yanavyomlaki anayeangukia tumbo.

Waundaji wa ndege za abiria walikuwa wameielewa habari hii zamani. Wanao mizinga ya hewa iliyobanwa ambayo hurusha kuku waliokufa, kwa kasi ya ndege halisi, juu ya vioo vya marubani na ndani ya injini. Wageni huchekelea mizinga hiyo, na ziko hadithi za mzaha juu ya mtu aliyesahau kumyeyusha barafu kuku wake. Lakini anayeruka na ndege hiyo hana cha kuchekea. Nyama ya ndege ni laini, hata hivyo tarehe 15 Januari 2009 mabata bukini walizima injini zote mbili za ndege ya abiria juu ya New York, ikalazimika kutua katika mto Hudson, na watu 155 waliokuwamo wakaokoka kwa ustadi wa marubani wao.

Turudi basi Texas. Baada ya msiba wa Columbia iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Admirali Harold Gehman. Ushahidi ulikusanywa kwa wingi: vipande vya chombo vilivyookotwa, kumbukumbu za mitambo yake ya kupimia joto, filamu za kuruka. Vyote vilionyesha kidole kwenye ukingo wa bawa la kushoto, karibu na bamba la nane. Lakini hata wakati huo wapo waliotikisa kichwa. Walikubali kwamba povu liligonga. Kwamba linaweza kuvunja kaboni ile, hawakukubali. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshika povu mikononi mwao kwa miaka mingi, na mikono yao iliwaambia kwamba haiwezekani.

Mjumbe wa tume, Bwana Scott Hubbard, aliyekuwa mkuu wa kituo cha NASA cha Ames, aliona kwamba mashindano ya maneno yasingekwisha mpaka jambo lenyewe lifanywe mbele ya macho ya watu. Majaribio yakafanywa katika taasisi ya utafiti iitwayo Southwest Research Institute, mjini San Antonio. Ulitumika mzinga mkubwa unaosukuma kwa gesi ya nitrojeni iliyobanwa. Povu lilikuwa povu la kweli la tangi. Mabamba nayo hayakuwa ya kuigiza, wala mapya yaliyotoka kiwandani. Yalitolewa katika mabawa ya vyombo vilivyokwisha kusafiri angani, kwa kuwa kaboni iliyozeeka kazini si sawa na kaboni mpya. Mabamba hayo yalikuwa machache na ya thamani kubwa, na kila risasi ya povu iliyopigwa ilimaliza kitu kisichoweza kupatikana upesi.

Mwanzoni mwa Juni 2003 walipiga bamba la sita lililotoka katika chombo Discovery. Likapata ufa. Hapo wenye mashaka waliweza bado kusema kwamba ufa si tundu.

Tarehe 7 Julai 2003 liliwekwa bamba la nane, lililotoka katika Atlantis. Kamera za kupiga picha maelfu kwa sekunde zilitegwa nje na ndani ya bawa. Waandishi wa habari na wataalamu walikusanyika. Kipande cha povu cha gramu 760 kilifyatuliwa kwa mwendo wa mita 237 kwa sekunde. Ulisikika mshindo, na vumbi la povu likatanda. Lilipotulia, katika bamba palikuwa na tundu la upana wa sentimita 40 hivi, kwenda juu na kwenda kando. Mtu angeweza kuingiza kichwa chake na mabega kidogo. Wapo waliotoa sauti ya mshangao bila kujijua. Katika picha za polepole povu lilionekana likigusa kaboni, likabonyea, likamwagika pembeni kama maji, na kaboni ikakatika katika muda mfupi kuliko inavyochukua kutamka herufi moja. Kuanzia siku hiyo hakusikika tena mtu wa maana aliyesema kwamba ni povu tu.

Taarifa ya tume ilitoka katika mwezi wa Agosti 2003. Ilisema wazi kwamba povu ndilo lililotoboa bawa, na ikaweka kando yake, kwa uzito ule ule, mazoea ya shirika lenyewe: sauti za chini zisizofika juu, na desturi ya kugeuza bahati njema kuwa ushahidi. Tena ilieleza jambo ambalo lazima liliwauma sana waliosoma. Lau tundu lingejulikana mapema, chombo Atlantis, ambacho kilikuwa tayari kikiandaliwa kwa safari yake, huenda kingeweza kuharakishwa kwenda kuwachukua wale saba, ingawa kwa hatari kubwa. Siku za kufanya hivyo zilikuwapo. Zilitumika kukadiria.

Sisi tunaona kwamba lawama hapa haiko katika kutojua. Hakuna aliyejua kwa hakika, na mhandisi asemaye "sijui" hana kosa. Lawama iko katika gharama. Mzinga, povu na bamba moja la kaboni vilikuwapo Marekani kabla ya Columbia kuruka, kama vilivyokuwapo baadaye. Jaribio la tarehe 7 Julai lingeweza kufanywa mwaka wowote kati ya miaka ishirini na zaidi ambayo povu lilikuwa likibanduka. Lilionekana ni ghali, na bamba lilionekana ni la thamani mno kuvunjwa kwa ajili ya shaka.

Safari zilianza tena tarehe 26 Julai 2005, Discovery kikiwa cha kwanza kuruka. Povu la mahali pale pa tangi lilikuwa limeondolewa kabisa, na badala yake vimewekwa vipasha joto vya umeme vya kuzuia barafu. Kamera ziliongezwa kila upande, na mabaharia wa anga walipewa mkono mrefu wa mtambo wa kulikagua bawa wakiwa huko huko juu. Katika kuruka huko huko kipande kikubwa cha povu kilibanduka tena, sehemu nyingine ya tangi, kikapita bila kugusa chombo. Safari hii picha zilionekana mara moja, na chombo kikakaguliwa kabla ya kurudi. Hakuna kilichokuwa kimeharibika cha kuhatarisha watu. Hata hivyo NASA ilivizuia vyombo vyake vyote vibaki chini, na hakuna kilichoruka tena mpaka tarehe 4 Julai 2006.